UZI: "Wageni wasituingilie" – hii hoja ilianza lini, na nani alikuwa ndani ya seli?

Kila mara mtu akichukuliwa usiku kwa sababu ya siasa, mambo matatu hufuatana kwa mpangilio uleule. Familia inazunguka vituo vya polisi ikimtafuta. Ubalozi fulani unatoa taarifa ya "wasiwasi mkubwa". Halafu sisi hapa mtandaoni tunamwacha yule mtu alipo na kuanza kupigana kuhusu ubalozi.

Hilo zogo nimeliona tena wiki hii. Upande mmoja: "Hao mabalozi wakome, sisi si koloni ya mtu." Upande wa pili: "Bila hao mabalozi mngekuwa bado na chama kimoja." Kila upande unaapa ati historia iko nao. Nilipekua maoni mpaka macho yakauma, na sikuona hata mmoja aliyeuliza huyo aliyekamatwa amefikishwa korti gani, saa ngapi, kwa kosa gani.

Basi wacha tuipitie hiyo historia. Wanaonifuata wanajua sheria ya hapa: hatutaji mwanasiasa wala chama, wa kwetu au wa ng'ambo. Tunataja sheria, tarehe na mahali. Waandishi na mawakili nitawataja, maana wengi wao ndio waliolipa. Vuta kiti, leo ni ndefu.

Tuanze wakati ambapo mgeni ndiye alikuwa serikali.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Makumi ya maelfu ya watu wakatiwa kambini bila kesi. Mwaka 1956 mwanamke Mwingereza, Eileen Fletcher, Mkwekeri aliyekuwa amefanya kazi na wafungwa wanawake Kamiti, alirudi kwao akaandika aliyoyaona, wakiwemo wasichana wadogo waliofungwa humo. Serikali yake ilimjibu vipi? Bungeni London ilipinga maelezo yake, ikabishania umri wa hao wasichana. Ghafla mada haikuwa tena msichana aliye ndani ya ua wa Kamiti. Mada ikawa kama Bi Fletcher ni mtu wa kuaminika.

Ndiyo maana mtu akiniambia hii mbinu ya kumgeukia msemaji ilibuniwa na serikali za Kiafrika, nacheka. Hapana bana. Tuliirithi pamoja na majengo.

Halafu ikaja Hola. Tarehe 3 Machi 1959, kule karibu na Mto Tana, wafungwa waliokuwa wamegoma kufanya kazi ya kulazimishwa walipigwa na askari kwa marungu mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Daktari alipokagua miili ndipo ukweli ukatoka. Weka hiyo tarehe kichwani, 3 Machi, tutarudi kwake.

Julai mwaka huo mambo ya Hola yalijadiliwa Bungeni London mpaka usiku wa manane. Hotuba iliyouma kuliko zote haikutoka upinzani. Ilitoka kwa mbunge wa upande wa serikali yenyewe, ambaye hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani na kingine Afrika. Na huyohuyo, miaka tisa baadaye, ndiye aliyetoa hotuba dhidi ya wahamiaji weusi ambayo mpaka leo inatajwa kama mfano wa ubaguzi wa rangi.

Sasa niambie. Kwa sababu ya hotuba yake ya 1968, wale watu 11 wa Hola walikuwa hawajafa?

Hilo ndilo swali la uzi mzima. Mdomo unaweza kuwa mchafu na neno likawa kweli. Na kinyume chake pia, maana kuna midomo misafi iliyonyamaza wakati watu wanaoza ndani. Hao nao tutawafikia.

Bendera ikabadilika 1963. Kambi za hali ya hatari zilikuwa zimeshafungwa. Lakini mwaka 1966 Bunge letu wenyewe, lenye watu ambao baadhi yao walionja kizuizi cha mkoloni, liliirudishia serikali mamlaka ya kumfungia mtu bila kesi, chini ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma. Hakukuhitajika shahidi wala hakimu. Ilitosha waziri kutia sahihi. Kulikuwa na jopo la kupitia kesi hizo, ndiyo, lakini kazi yake ilikuwa kushauri tu.

Hapa tutenganishe vitu viwili, maana kwenye midahalo huwa vinachanganywa. Kuna kizuizi, ambapo hakuna shtaka, hakuna tarehe ya kutoka, unakaa mpaka mkubwa akuone umetosha. Na kuna kifungo, ambapo unapelekwa kortini na kosa linaandikwa, kwa mfano uchochezi. Serikali ikisema "hatuna mfungwa wa kisiasa hata mmoja, wote walihukumiwa na korti", inazungumzia hicho cha pili. Ni jibu zuri sana kwa mgeni asiyejua hiyo sheria ya uchochezi imeandikwaje.

Mfano wake ni kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla. Alikuwa na miaka 22 alipokamatwa Desemba 1968 kwa waraka uliouliza: Kenya, twendapi? Akafungwa miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake. Aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973, mwaka mmoja baada ya kutoka, yakiitwa Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu kikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Nchi yetu ina ucheshi wake.

Kwa ajili ya huyo kijana hakuna mfadhili aliyekata hata senti. Kenya ilikuwa rafiki wa Magharibi, uchumi unapanda, watalii wanakuja. Ukitaka kujua ni lini mataifa ya nje hujali haki zetu, anza na miaka waliyonyamaza.

Miaka tisa baadaye, tarehe 31 Desemba 1977, wakamchukua Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake Limuru. Safari hii hakukuwa na kesi, ilikuwa kizuizi. Tamthilia aliyoandika na mwenzake na kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kwa Kikuyu, ilikuwa imepigwa marufuku wiki chache kabla. Naye akaandika riwaya kwenye karatasi za chooni, pale Kamiti. (Kama unashangaa hizo karatasi zilibebaje wino: zilikuwa ngumu, si hizi laini za leo. Yeye mwenyewe amelieleza hilo.) Akatoka Desemba 1978, baada ya rais wa kwanza kufariki na mrithi wake kuwaachilia waliokuwa kizuizini.

Katika kesi ya Ngũgĩ kelele za nje zilikuwepo. Shirika la Amnesty International lilimtangaza kuwa mfungwa wa dhamiri. Wacha nieleze hawa watu walifanyaje kazi, kwa sababu wengi mnalitaja hilo jina kama jini.

Lilianza London mwaka 1961. Wakili mmoja, Peter Benenson, aliandika makala kwenye gazeti la The Observer kuhusu wafungwa waliosahauliwa, wasomaji wakaitikia. Mfumo wao ulikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha: kikundi cha watu wa kawaida, walimu, wauguzi, wastaafu, kinapewa jina la mfungwa mmoja na kuanza kuandika barua. Kwa mkuu wa jela. Kwa waziri. Kwa balozi. Barua za adabu kabisa, lakini hazikomi. Kila kikundi kilipewa wafungwa watatu, mmoja kutoka nchi za Magharibi, mmoja kutoka nchi za kikomunisti, mmoja kutoka dunia ya tatu, ili wasiitwe vibaraka wa upande wowote. Na kulikuwa na kanuni kwamba hushughulikii wafungwa wa nchi yako mwenyewe.

Isome tena hiyo ya mwisho. Watu husema "kwa nini kila mara ni wageni wanaopiga kelele?" Kwa sehemu, ilipangwa hivyo. Mkenya akiandika barua hiyo kutoka Nakuru mwaka 1982 angeenda kumfuata yule anayemtetea. Mstaafu wa Uholanzi alikuwa anahatarisha stempu tu.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na hata wiki kadhaa kabla yake, wahadhiri wa vyuo vikuu walizolewa. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita, mpaka 1988. Al-Amin Mazrui, mtaalamu wa lugha na mwandishi wa tamthilia za Kiswahili, aliwekwa kizuizini. Wakili John Khaminwa aliwekwa kizuizini kwa sababu alikuwa akitetea watu waliowekwa kizuizini, yaani daktari analazwa kwa kosa la kutibu.

Na wafadhili? Misaada iliendelea kumiminika. Mwaka 1980 Kenya ilikuwa imekubaliana na Marekani kwamba majeshi yake yatumie bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Ilikuwa vita baridi, Bahari ya Hindi ilikuwa na maana kubwa kuliko mhadhiri mmoja aliye Kamiti. Wale wa "Wazungu ni wanafiki", chukueni pointi yenu hapa. Ni halali kabisa. Miaka ileile ambapo watu walikuwa wanaumizwa zaidi ndiyo miaka ambayo serikali za Magharibi zilinong'ona zaidi.

Tuingie Nyayo House. Hilo jengo mnalijua, wengi wetu tumepanga foleni pale tukisubiri pasipoti. Lilifunguliwa 1983. Chini yake kulikuwa na seli. Kuanzia 1986, serikali ilipoanza kuwasaka watu wa kundi la siri lililoitwa Mwakenya, walioshukiwa waliletwa pale wakiwa wamefungwa macho. Walivuliwa nguo, wakanyimwa chakula, wakapigwa, na seli zikajazwa maji mtu akiwa ndani, siku baada ya siku, mpaka ngozi ya miguu inaoza. Ghorofa za juu ndipo walipohojiwa. Katikati, raia wanapandisha lifti na fomu zao.

Mtu akishavunjika, anapelekwa kortini jioni, afisi zikiwa zimefungwa na waandishi wameenda nyumbani. Hana wakili. Anakiri. Hakimu anampa miaka minne, mitano, zaidi, na kesi imechukua dakika chache. Makumi ya watu walipita njia hiyo mwaka 1986 na 1987. Kwenye rejista ya korti kila kitu kilikuwa sawa: shtaka lipo, kukiri kupo, hukumu ipo. Ndipo utajua kwa nini nilisema tutenganishe kizuizi na kifungo.

Nani alilivunja hilo? Hapa ndipo wale wa "bila mabalozi" wanakosea. Alianza Mkenya. Wakili Gibson Kamau Kuria alipeleka notisi kwamba anaishtaki serikali kwa niaba ya wateja wake walioteswa. Jibu likawa kwamba mwishoni mwa Februari 1987 yeye mwenyewe akatiwa kizuizini. Hati zake za kiapo, zenye maelezo ya wateja, ndizo zilizofika nje. Machi mwaka huo, rais wa Kenya akiwa ziarani Washington, gazeti la Washington Post likachapisha habari ya mateso. Julai Amnesty ikatoa ripoti nzima kuhusu Kenya, na Septemba rais akafuta ziara yake Norway na Sweden, ambako maandamano yalikuwa yakimsubiri.

Kwa hiyo mgeni hakuligundua jambo. Alipewa na mtu aliyelipia kwa uhuru wake. Mgeni alichokuwa nacho ni gazeti ambalo hakuna mtu Nairobi angeweza kulifunga.

Tukio la Norway ndilo ningetaka lifundishwe shuleni, kwa sababu linaonyesha gharama na nani huilipa.

Mbunge wa zamani wa Kenya alikuwa mkimbizi Norway. Oktoba 1990 serikali ilitangaza imemkamata nchini, ikamshtaki kwa uhaini. Yeye alisema alitekwa Uganda. Balozi wa Norway akaenda kukaa kortini kusikiliza. Kukaa tu. Serikali yetu ikaona hiyo ni dharau, na mwezi huohuo Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway. Si kuitisha balozi na kumkaripia. Kuvunja kabisa.

Watu walishangilia, ati tumeonyesha tuna msimamo. Lakini Norway ilikuwa na kazi wapi Kenya? Turkana. Wao ndio waliogharamia barabara ya lami kutoka upande wa Kitale kwenda Lodwar, na miradi mingine mingi ya maendeleo kule. (Wao pia ndio waliojenga kiwanda cha samaki Kalokol ambacho hakikufanya kazi, tusiwafanye malaika.) Uhusiano ulipokatika, wafanyakazi wao wakafunga virago na miradi ikasimama ilipokuwa. Waliopita kwenye ile barabara miaka iliyofuata wanajua ilivyogeuka mashimo. Mturkana hakumkamata mtu. Hakumtetea mtu. Lakini bili ilipelekwa kwake. Uhusiano ulirudi 1994.

Ukiona mtu anashabikia "tuwafukuze tu", muulize anaishi kaunti gani.

Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka Novemba 1989, na ghafla sauti za kina fulani zikapona. Balozi mpya wa Marekani, mtu aliyekuwa mwanahabari, Mei 1990 aliwaambia wafanyabiashara Nairobi kwamba pesa za nchi yake sasa zitaelekea kwa wanaofuata demokrasia. Julai 1990 ikawa Saba Saba, watu wakauawa mitaani, na siku chache kabla yake wanasiasa na mawakili wakazolewa. Khaminwa akaingia kizuizini mara ya pili. Kuria akakimbilia ubalozi wa Marekani na kutoka nchini.

Novemba 1991 wafadhili wakakutana Paris wakaahirisha misaada mipya kwa miezi sita. Wiki moja hivi baadaye, mapema Desemba, kile kifungu cha katiba kilicholazimisha chama kimoja kikafutwa. Tarehe hizo zikiwa zimekaribiana hivyo, ni rahisi kusema Paris ndiyo iliyotukomboa. Wengi husema.

Lakini subiri. Ukienda Kamiti Januari 1992, vyama vingi vikiwa vimeshahalalishwa, wale wafungwa wako wapi? Wako ndani. Wale waliohukumiwa jioni bila wakili wako ndani. Yule wa Norway yuko ndani. Kwenye mapatano ya Paris kulikuwa na mambo ya uchumi, ufisadi, mageuzi. Majina yao hayakuwa sharti.

Waliowatoa walikuwa mama zao.

Tarehe 28 Februari 1992 kikundi cha wanawake wazee, wengi kutoka vijijini, walienda kwa Mwanasheria Mkuu na ombi la kuachiliwa wana wao na wengine, watu 52 kwa jumla. Waliambiwa warudi nyumbani, jambo lao litaangaliwa. Wakasema sawa, tutangoja hapa karibu. Wakaenda Uhuru Park, wakatandika blanketi kwenye kona inayotazamana na Kanisa la All Saints, wakaanza kufunga kula. Pamoja nao alikuwa profesa mmoja wa kutetea miti, ambaye baadaye aliingia siasa kwa hiyo simtaji, lakini Nobel ya 2004 mnaijua. Watu wakaanza kufika. Na waliowahi kuteswa wakashika kipaza sauti, wengine kwa mara ya kwanza, wakasimulia ya Nyayo House hadharani mchana kweupe.

Siku ya tano polisi wakaja. Tarehe? 3 Machi. Miaka 33 kamili tangu Hola. Sidhani kuna aliyepanga hivyo, lakini kalenda ina mambo yake.

Marungu, vitoa machozi, risasi hewani. Yule profesa alipigwa mpaka akazirai. Na baadhi ya wale mama wakafanya kitu ambacho hakimo kwenye mkataba wowote wa Geneva: walivua nguo, wakawageukia askari wenye umri wa wana wao. Katika jamii zetu nyingi, mama wa umri huo akikuonyesha uchi wake kwa hasira, amekulaani. Kuna askari waliogeuza nyuso. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa na balozi.

Kesho yake polisi wameziba bustani. Kanisa likawafungulia mlango, wakahamia chini ya All Saints, na wakakaa huko karibu mwaka mzima. Wageni walikuja kuwatembelea, ndiyo, wakiwemo wanadiplomasia na wanahabari wa kimataifa, na hilo liliwalinda. Si rahisi kuvamia kanisa kamera zikiwa mlangoni. Lakini waliolala sakafuni walikuwa wao. Wafungwa wakaanza kutolewa kidogo kidogo, na kufikia mapema 1993 karibu wote kwenye ile orodha walikuwa nje.

Kwa hiyo, wale wa "Wazungu ndio waliotukomboa", hao mama mnawaweka wapi? Na wale wa "haki za binadamu ni ajenda ya Wazungu", mnawaweka wapi haohao? Mama asiyejua hata ubalozi wa Marekani uko barabara gani anataka mwanawe, au apelekwe mbele ya hakimu wa haki. Hiyo ajenda ni ya nani?

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1997 mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kesi yaliondolewa kwenye ile sheria ya usalama, na kosa la uchochezi likafutwa kwenye kanuni za adhabu. Februari 2003 seli za Nyayo House zikafunguliwa umma uone. Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 walioteswa humo, na wengine wakafuata, ingawa kupewa hukumu na kupewa pesa ni safari mbili tofauti. Agosti 2010 tukapata katiba ambayo kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na cha 25 kinasema haki ya kutoteswa, na haki ya kuidai serikali imlete mtu mbele ya hakimu, haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa zaidi ya wazee 5,000 wa kambi za hali ya hatari, na ikasema inajutia. Ilikuwa zaidi ya nusu karne baada ya Bi Fletcher kuitwa mzushi.

Halafu baada ya Juni 2024 tukaanza kusikia neno jingine. Si kizuizi, si kifungo. Ni kutekwa. Gari lisilo na alama, watu wenye barakoa, na polisi wakiulizwa wanasema hatumjui huyo. Kufikia mwisho wa Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 tangu Juni. Hiyo tume ni yetu, imo kwenye katiba yetu, inalipwa na kodi yetu. Na bado nilisoma hapa watu wakiiambia ripoti yake "acheni ajenda za kigeni".

Ukifikiria, kizuizi cha 1966 kilikuwa angalau na karatasi. Mama alijua mwanawe yuko jela gani. Wale wa Uhuru Park walikuwa na orodha ya majina 52 kwa sababu kulikuwa na jela ya kuyasoma. Ukitekwa, ile haki ya kifungu cha 25 inagonga mwamba pale wakili anaposimama mbele ya jaji na serikali inajibu hatuna mtu huyo.

La mwisho, kwa sababu nimeulizwa kwenye ujumbe wa faragha mara nyingi: je, Mkenya ana haki ya kukosoa jirani?

Novemba 2024 mwanasiasa wa upinzani wa Uganda alichukuliwa hapa Nairobi na siku chache baadaye akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mei 2025 mwanaharakati Mkenya na mwandishi wa habari Mganda waliokuwa wameenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya mwanasiasa wa upinzani, kukaa tu kortini kama yule balozi wa Norway, walikamatwa, wakazuiliwa siku kadhaa, kisha wakatupwa mipakani, kila mmoja upande wa nchi yake. Wote wawili walisema waliteswa. Na kutoka ngazi za juu kabisa kule tukaambiwa majirani wasilete fujo zao.

Watu wa hapa walikasirika sana. "Yaani Watanzania hawaelewi sisi tunawatetea?" Nilisoma hayo maoni, nyuso za watu nazijua. Wengine ni walewale ambao wiki iliyotangulia walikuwa wanawaambia mabalozi Nairobi wafunge midomo. Na Watanzania waliowajibu walitumia maneno yaleyale, neno kwa neno: hamtuelewi, mna ajenda, shughulikieni kwenu kwanza.

Kesi ile ya Dar iliendelea. Kwenye ule uzi wa matusi kati ya Wakenya na Watanzania, maoni yalizidi elfu, na nililazimika kushuka chini sana kabla sijaona mtu aliyeandika mshtakiwa mwenyewe aliambiwa nini na korti.

Juma lijalo: hati ya kumleta mtu mbele ya jaji inaandikwaje, nani anaweza kuiomba, na kwa nini unaweza kuipeleka kortini hata usiku. Kama kuna wakili humu anayezifanya hizi kesi, nitafute.